Mkono Uliogusa Taratibu

Benchi la nje ya kinyozi ni la watu watatu, wanne wakibanana, na asubuhi hiyo kila aliyelikalia alikuwa bingwa wa kuogelea, ingawa wawili kati yao wangeweza kuzama kwenye beseni. Ilikuwa siku ya sita tangu mashindano. Binti waliyemshangilia tangu yuko darasa la tatu alikosa nafasi ya timu ya taifa kwa sehemu tatu za mia ya sekunde, na tangu hapo hajakanyaga bwawani. Mwalimu wake, mzee waliyemwita Kocha Taulo kwa kuwa taulo halimtoki shingoni, alikaa pembeni na kahawa yake.

— Sehemu tatu za mia, alisema Kinyozi. Hata kupepesa jicho huwahi. Mtoto kaonewa.

— Umeme huo, akasema Fundi Redio, ambaye kwake kila balaa la dunia huanzia kwenye waya. Maji yameingia kwenye soketi, namba zikaruka.

— Soketi gani? Hukuziona kucha za yule mshindi? Kashinda kwa kucha.

Fundi Redio hakukubali kushindwa kwa kucha. Akapandisha dau: mashine nazo zina upendeleo, anayo redio dukani inayoshika stesheni akiiwasha mkewe tu.

Kocha Taulo hakucheka. Yeye alijua, na kujua kwenyewe kulikuwa kunamla. Kule mashindanoni saa husimamishwa na kibao kilichobandikwa kwenye ukuta wa bwawa, nacho hutaka kusukumwa kwa nguvu. Bwawa lao halina kibao, lina vigae vilivyovunjika vinavyochana vidole. Miaka minane alimwambia binti: ukifika, gusa taratibu, linda vidole vyako. Binti wa watu akasikia. Siku ile Kocha alimwona kwa macho yake akifika wa kwanza, akigusa taratibu, na saa ikiendelea kuhesabu mpaka alipokiegemea kibao kuvuta pumzi. Rufaa hupokelewa ndani ya nusu saa tu baada ya mbio. Nusu saa hiyo Kocha aliimalizia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akiogopa kuulizwa ni nani aliyemfundisha.

Ndipo akatokea shangazi yake binti, aliyemlea, na mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na nguo ya kuogelea, kofia na miwani ya maji.

— Shikamoo, Kocha. Amesema umpe mwenzake, yeye basi tena.

— Marahaba, shangazi.

Kinyozi akadakia kuhusu kucha. Shangazi hakumgeukia.

— Kocha, mwanangu hali chakula vizuri, anasema yeye ni mzito majini. Kweli alichelewa?

Kocha alikiweka kikombe kwenye benchi.

— Hakuchelewa. Alifika wa kwanza. Kugusa taratibu nilimfundisha mimi, na rufaa sikukata kwa sababu ya aibu yangu.

Shangazi aliuweka mfuko chini polepole.

— Basi alipokuuliza kama amefika wa kwanza, bado yumo majini, kwa nini ulimwambia mashine haikosei?

Kinyozi alitazama viatu vyake. Kocha machozi yakamtoka mbele za watu. Kahawa ikaisha, muuzaji wa kahawa akakusanya vikombe vyake akaondoka, na shangazi alikuwa bado amesimama palepale, anasubiri jibu.