Besi ya Bure Aliyoitoa Don Cayo

Ndugu waombolezaji, majirani wa Consuelo na mashabiki wa timu yetu ya besiboli, Cangrejos, familia imemtuma mkwe wa marehemu, Rómulo Peguero, awasomee haya, nanyi mtamvumilia, maana mkono wake umezoea mpira kuliko karatasi.

Mzee Leocadio Febles, tuliyemwita don Cayo, alizaliwa tarehe 9 Desemba 1943 hapa Consuelo, mtoto wa tano wa mpima miwa wa kiwandani, akasoma hadi darasa la sita, mwaka 1956, akaacha ili asaidie nyumbani, na mwaka 1962 akasajiliwa na Cangrejos kuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuona kila kitu. Tarehe 15 Aprili 1967 alifunga ndoa na Mireya Polanco, wakajaliwa Nidia na Wascar.

Mwaka 1979 akawa kocha, na hapo vituko vikaanza, kwani aliwahamishia wachezaji wa ulinzi upande mmoja wa uwanja kila alipokuja mpigaji wa mkono wa kushoto, watu wakacheka hadi wakashika mbavu, na leo kila timu inafanya hivyo.

Lakini kinachokumbukwa ni fainali ya tarehe 23 Januari 1994, raundi ya tisa na ya mwisho, Cangrejos wakiongoza tano kwa tatu, amebaki mpinzani mmoja tu wa kutolewa mchezo uishe, besi zote zimejaa wapinzani, na anayekuja kupiga ni Evaristo Tineo, hatari kuliko wote. Mrushaji alikuwa Rómulo huyuhuyu anayewasomea, miaka ishirini, wa mwisho aliyebaki, huku jukwaani wamekaa wasaka vipaji kutoka Marekani. Don Cayo akanyoosha vidole vinne, Tineo apewe besi ya bure, yaani aende besi ya kwanza bila kupiga, na kwa kuwa zimejaa, wapinzani wazawadiwe pointi moja. Uwanja ukalipuka, "Mwoga wee! Nenda kalee wajukuu!", maganda ya machungwa yakamwangukia, mpigaji aliyefuata akabahatisha mpira mlegevu, wawili wakaingia, ikawa sita kwa tano, ubingwa ukaondoka, na kesho yake kocha akafukuzwa. Tangu hapo aliitwa Mwoga, sokoni, kwa kinyozi, hata kwenye harusi ya Rómulo na Nidia mwaka 1999.

Rómulo mwenyewe aliumia kimoyomoyo, akiamini kwamba hakuaminiwa. Figo zilipoanza kumsumbua mzee, Agosti 2021, mkwe akamuuliza kando ya kitanda chake.

"Mzee, kwani siku ile uliniona si kitu?"

"Acha ujinga, kijana. Ulikuwa unafunua glovu kila ukitaka kurusha mpira wa kupinda, na Tineo alishakusoma, angekupiga vibaya mbele ya wale wasaka vipaji. Ningekurekebisha palepale ungechanganyikiwa, na wale Wamarekani wangeiona kasoro."

Kumbe ndiyo maana baada ya fainali, ingawa alishafukuzwa, alimshikisha Rómulo glovu kifuani wiki sita, akidai ni mazoezi ya pumzi, na mwaka huohuo kijana akasajiliwa na Wamarekani, akarusha miaka tisa ughaibuni.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungemwoa binti yangu kwa kulipa fadhila. Nilitaka umpende. Ukishanizika, waambie, nimechoka kuwa mwoga."

Mkwe alilia, kisha wakacheka wote wawili, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Rómulo alilala usingizi mzito.

Don Cayo alituacha tarehe 6 Machi 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 78. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta supu, wachezaji wenzake, na nyinyi mliotupa maganda, hakuwa na kinyongo nanyi.

Mzee, nimeshawaambia. Sasa pumzika.