Nasike na Kamba Iliyopimwa kwa Mablanketi

Baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya turubai na kamba hapa Kariokor, Bi. Phelister Nasike anastaafu tarehe 31 Julai 1998. Mwandishi wa wasifu huu, fundi cherehani Kyalo, alichaguliwa kuuandika kwa sababu alikosa mkutano wa kupanga sherehe.

Bi. Nasike alitoka Bungoma, akaanza kwa kufagia vipande vya turubai, akapanda hadi stoo ya kamba, na huko akatawala. Hakuna kamba iliyoguswa na makasi kabla hajatamka, "Kata." Hata meneja, Bw. Maingi, alilingoja neno hilo mikono mfukoni.

Malori tuliyajua. Mahema ya harusi tuliyajua. Mashua je? Wengi wetu hatujawahi kuona maji mengi kuliko yale ya Gikomba mvua ikinyesha. Hata hivyo, mwaka 1992, Dkt. Luseno, daktari wa meno aliyenunua mashua kuukuu kule Naivasha, alipotuletea tanga lake la mbele lililoraruka, tulimpokea kama watu waliozaliwa majini. Akaagiza pia kamba ya kulikunjia. Ukiivuta, tanga hujiviringisha. Ukiiachia, tanga hufunguka na kamba hujizungusha kwenye kigurudumu kilicho mbele ya mashua.

Bi. Nasike alimpa kamba nene ya kufungia mizigo ya lori, nasi sote tukaafiki. Kwetu Eastlands kamba nene ni heshima. Ziwani ilijaa kwenye kigurudumu ikabanana, upepo ukapanda, tanga likakataa kukunjika, na daktari akasukumwa hadi kwenye matete, jirani na viboko. Alirudi na matope magotini. "Mama, hii kamba yako ilitaka kunizika," alisema. Akapewa nyembamba ya nailoni. Hiyo ilikunja, lakini ilivutika kama chingamu na kumchuna viganja, na daktari wa meno asiye na viganja hana kazi.

Bw. Maingi akatangaza kwamba kamba ya tatu ikirudi, kona ya karakana inayoshughulikia matanga inafungwa. Kona hiyo ilikuwa na watu wawili, Bi. Nasike na mwandishi huyu, ambaye alikuwa ameshawaambia jamaa zake Kitui kuwa yeye ni mhandisi wa mashua. Tuliogopa kwelikweli.

Bi. Nasike alibeba kamba za kila aina hadi kwake Huruma, akazifunga uani, akawaomba majirani mablanketi yaliyolowa, akayatundika juu yake usiku kucha aone ipi itavutika. Kesho yake nailoni ilikuwa imelegea, na blanketi la jirani, Mama Triza, likawa linapiga deki. Poliesta haikulegea. Ukabaki unene. Jibu alilipata kwa muuza mutura: utumbo uliojazwa nyama hujaa mkononi, ncha isiyojazwa hukubali fundo. Akachomoa nyuzi za ndani kwenye ile sehemu inayozungushwa kwenye kigurudumu, akaacha ganda tupu. Sehemu ya kushika akaiacha nene. Akasema, "Kata," kwa sauti ndogo ambayo hatukuizoea.

Daktari aliondoka na kamba hiyo, hakurudi. Tukaanza kuwashuku viboko, hadi alipotokea akicheka, na nyuma yake rafiki mwenye mashua, naye akitaka kamba kama hiyo. Kona haijafungwa mpaka leo, ingawa hakuna kati yetu anayejua kuogelea. Bi. Nasike hukisimulia kisa hiki mwenyewe kwa wateja wapya, na kila mwaka viboko huongezeka.

Wiki jana mwandishi huyu alichagua kamba ya mashua nyingine, akaitundika Huruma kwa blanketi la Mama Triza, aliyelitoa kwa masharti makali. Asubuhi alimwita Bi. Nasike, makasi mkononi, akingoja lile neno. Bi. Nasike aliivuta kamba, akaifinya, akaiachia.

"Sema wewe, Kyalo. Mimi nimemaliza."

Neno lilipotoka, lilitoka kama mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Lakini makasi yalikata, na Bi. Nasike akageuka haraka, akajifanya anakunja blanketi.

Mama Nasike, asante. Tutakukosa sana, na hilo si mzaha. Nenda Bungoma salama, upumzike, ucheke kama ulivyotuchekesha, na ile kamba ya kuanikia nguo tuliyokufungia zawadi isilegee kamwe. Ni poliesta. Tumeipima.