Hebu Msikilize Alivyolala

Fundi cherehani alifumba macho ndani ya basi, lakini masikio hayakulala. Mbele yake bibi mmoja, amempakata mjukuu aliyesinzia, alimsimulia mzee wa kiti cha pili jinsi mtoto alivyokatwa mafindofindo yaliyomziba pumzi usingizini.

"Mtoto kukoroma ni usingizi mtamu," mzee alishikilia. "Mmemkata bure."

"Utamu gani, mzee mwenzangu, na pumzi ilikuwa ikikatika? Tulipotoka hospitali nilimwamsha kwa hofu, nikidhani kafa. Kumbe kalala bila kukoroma."

Fundi alizuia kicheko. Uhondo wa bure haukatizwi.

Basi likasimama, injini ikazimwa. Bibi akambeba mjukuu begani, akamwinamia mzee.

"Hebu msikilize."

Mzee akatega sikio. "Sisikii kitu."

"Ndio huo sasa usingizi mtamu," bibi akasema, akashuka kichwa juu.