Makopo Yenye Uzi Mwekundu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo namkumbuka jirani yangu, Bi Chedlia Mhenni, wa hapa hapa Ksar Hellal. Tumemzika juzi Jumanne. Na niseme mapema: leo nazungumza uso nimeuinamisha.

Miaka ishirini na sita Bi Chedlia alitia mafuta mashine za kufuma sweta kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, yalibaki makopo arobaini ya mafuta ya mashine hizo. Mafuta mepesi, meupe kama maji, hayana hata harufu. Msimamizi akaamuru yamwagwe mtaroni. Bi Chedlia akamjibu, "We baba, mtaro umekukosea nini?" Akayabeba yote kwa mkokoteni.

Akayatafutia kazi. Kinyozi akapata ya mashine yake ya kunyolea. Mafundi cherehani wakapata. Kiti cha magurudumu cha mzee Hedi, kilichokuwa kikilia mtaa mzima, kikanyamaza. Aligawa bure. Ila kila kopo alilifunga uzi mwekundu, na kila mtu alimwambia, "Nisikilize vizuri: haya si ya kitu kinachogusa chakula!" Na mimi, aliponipa kopo la kwetu, aliniambia hivyo hivyo.

Ikaja Septemba, msimu wa pilipili. Mtaa wetu husaga harisa, ile rojo ya pilipili, kwa mashine moja, ya mama yangu. Mwaka ule mpini uligoma kuzunguka. Mama akaniambia, "Slah mwanangu, ifungue uioshe." Mimi nina haraka, naenda kutazama mpira. Nikachukua kopo lenye uzi mwekundu, nikamimina kwenye meno ya mashine. Lo, ikazunguka vizuri mno!

Harisa ya mwaka mzima, nyumba tisa. Matumbo yakaendesha, watoto wakalia, mitungi ikamwagwa. Wanawake wakaona mafuta kwenye mashine, wakaenda mlangoni kwa Bi Chedlia, mama yangu mbele.

"Wee Chedlia, umetuona sisi cherehani?"

"Wallahi mashine yenu sijaigusa!"

Hawakumwamini. Wakambwagia makopo yake kizingitini. Na mimi nilikuwepo. Mtu mzima wa miaka thelathini, mtangazaji, nimesimama nyuma ya mama yangu. Sikufungua mdomo.

Bi Chedlia hakualikwa tena kusaga pilipili. Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji. Miaka kumi na mmoja, kwa kosa langu.

Baada ya maziko, binti yake Rim aliniletea kopo. Lile lile lililotoka kwetu, uzi wake bado upo.

"Mama alisema hili ni lako, kaka Slah."

Nikatamani ardhi ipasuke niingie. "Kwani alijua?"

"Tangu siku ile. Alikuona dirishani ukimimina."

"Mbona hakunitaja?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Muache. Akitaka kusema, redio anayo.'"

Haya, nasema. Ni mimi, Slah, mwana wa Mabrouka, niliyetia mafuta mashine ya pilipili. Si Bi Chedlia. Narudia: si Bi Chedlia.

Rim, poleni sana wewe na ndugu zako. Mungu amrehemu mama yenu, na anisamehe mimi. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu amebeba lawama yako, nenda ukamtue leo, angali anakusikia. Mimi nimechelewa, na aibu hii nitazikwa nayo.

Mama, na majirani wa zile nyumba tisa, pilipili zimeshaanza kuanikwa. Mwalikeni Rim. Mashine nitaiosha mimi.