Msoma Kipimo na Mikaratusi Yake

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba utulivu, kwani marehemu aliagiza habari zake zisomwe zote, na mnavyomjua, angehesabu kurasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1966, na tarehe 2 Januari 1974 akaajiriwa na ofisi ya maji kusoma kipimo cha mto, kazi aliyoifanya kila siku saa moja asubuhi, bila kumwachia mtu kalamu wala daftari, hata baada ya kustaafu mwaka 2011. Wenzake walimwita Hebu Nione.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa watoto watatu, ambao hadi leo wanakumbuka vijiko vikihesabiwa kabla wageni hawajafika getini. Mwaka 1986, kwa amri ya ofisi, alipanda mikaratusi ukingoni ili udongo usimomonyoke, akaimwagilia mwenyewe.

Mwaka 2004 kina cha mto kilianza kushuka, vyura wakanyamaza, ndege na samaki wakahama, naye akamshuku shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye pampu upande wa juu, akamwita mwizi wa maji mbele ya watu, na kwa miaka kumi na mitano hawakupeana mkono.

Julai 2016 pampu ile ilikuwa kwa fundi, imefunguliwa vipande vipande, maji yakazidi kushuka, naye akaingia kwenye mikaratusi kutafuta pampu ya pili, asikute ila chemchemi ya kulisha mto iliyokauka na mizizi iliyojaa kila mahali. Alikata miti mia mbili, na mwaka uliofuata chemchemi ikarudi. Kuomba radhi kulimshinda.

Kifua kilianza kumsumbua tarehe 9 Februari 2019, akafariki tarehe 21 Mei, saa moja asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, aliowahesabia vidonge mbele ya macho yao wakavumilia, majirani, na wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza.

Daftari lake la mwisho lilikutwa chini ya godoro, limeandikwa, "Si shemeji, ni miti niliyoipanda mimi. Asome yeye, mbele ya watu." Shemeji kwanza aliushuku mwandiko, akaulinganisha na madaftari ya zamani, kisha akalia. Ndiye anayewasomea sasa, na kesho saa moja asubuhi kipimo atakisoma yeye.

Pumzika kwa amani, shemeji, maji hayajaibwa.