Nilikemea Pepo, Nikasahau Moshi

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Mimi ni Mama Njoroge, yule muuza githeri pale Thika, na leo nasimama hapa nikipumua vizuri.

Ndugu zangu, miaka mingi nimechemsha mahindi na maharagwe ndani ya kibanda cha mabati. Moto niliuwasha kwa mifuko ya plastiki na vipande vya raba vilivyotupwa na viwanda, kwa sababu vinashika haraka. Moshi mweusi ukizidi, nilifunga mlango ili majirani wasilalamike. Huo ndio ujanja wangu!

Moyo ukaanza kunienda mbio. Kifua kikabana. Nikasema hili ni pepo, nikafunga na kuomba, nikalikemea humo humo ndani ya moshi, huku nakohoa. Jamani, wacheni kucheka!

Siku moja Wambui, mke wa mwanangu, akaja kutoka Ruiru na mtoto mchanga. Akasimama mlangoni. "Mum, huu moshi utakuumiza moyo. Mtoto siwezi kumwingiza hapa."

Nikawaka! Nikamwambia moshi huo ndio uliomsomesha bwana yake, na kama unamnukia vibaya aende. Akaenda akilia. Miezi minane sikumbeba mjukuu wangu, na kiburi kilinikataza kupiga simu.

Halafu asubuhi moja nikaanguka kando ya sufuria. Nilipofungua macho hospitalini, aliyenishika mkono ni Wambui; majirani walikuwa wamempigia simu. Daktari akaniuliza, "Mama, unapikia nini?" Nikamwambia yote. Akanieleza kwamba moshi ule unapita mapafuni mpaka kwenye damu, unaumiza mishipa, presha inapanda, na moyo wangu ulikuwa umechoka. Nililia kwa aibu. Mungu alikuwa amenijibu kitambo, kwa mdomo wa msichana niliyemfukuza!

Nilimwomba msamaha pale pale kitandani. Sasa kibanda tumekitoa kuta, nachoma kuni kavu tu, jiko lina bomba la kutoa moshi juu, na dawa nameza kila siku. Bado nachoka, lakini nipo. Asante Yesu!

Wapendwa, mtumainini Mungu. Na mtu wako akikwambia jambo la kukuuma kwa sababu anakupenda, msikilize kabla hujaanguka.

Wambui, simama wakuone. Lete huyo mtoto, nimbebe mbele ya kanisa.