Sauti ya Bwana Kimya

Benchi la Nguvumali, mjini Tanga, ni mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya matofali, nje ya karakana ya baiskeli ya Idarusi, ng'ambo ya barabara kutoka msikiti mdogo wa mtaa. Hapo ndipo Yasini anapotua jiko lake la mkaa na birika la kahawa baada ya adhuhuri, na hapo ndipo wanaume wazima, wenye wake na wajukuu, hukaa kutatua mambo ya nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Ukizoea kukaa pale jina la kitambulisho unaliacha nyumbani, unapewa la tabia. Zainuddin, aliyekuwa mzee wa baraza mahakamani, ni Mahakama. Rahimu, fundi wa madishi ya televisheni, ni Dishi, na si kwa kazi yake tu, bali kwa kuwa hakuna uvumi unaopita hewani asioukamata. Hosea, Mbondei anayeleta machungwa kutoka Muheza, ni Chenza. Idarusi mwenyewe walikuwa wakimwita Zumari, kwa ajili ya sauti yake, mpaka ilipofika wiki ya Idi. Sasa wanamwita Bwana Kimya, naye hacheki.

Ilikuwa hivi. Inara, binti wa Aslam mwenye duka la vitambaa kule Usagara, anachora katuni kwa kompyuta. Siku moja alileta baiskeli kuzibwa pancha, akamkuta Idarusi anamkaripia mteja aliyefunga mnyororo kwa waya. Maneno hakuyajali, aliisikiliza sauti. Haukupita muda Idarusi akajikuta Raskazone, ndani ya chumba kilichozungushiwa magodoro, anaisomea mashine ya kurekodi maneno ya mtawala wa katuni. Katuni ikaonyeshwa Idi pili, kipindi maalumu cha saa nzima, na mtaa mzima uliitazama uani kwa Dishi. Ilikuwa Tanga, lakini Tanga iliyoshika njia nyingine: jua limefifia, miti imekatwa, na maneno yanauzwa kwa vipimo kama umeme. Anayemaliza fungu lake anakaa bubu mpaka mwezi uandame. Mtu mmoja tu ndiye anayesema bila kipimo, Bwana Kimya, asiyeonekana sura, anayetoa amri zake kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo. Sauti yake ni sauti ya Idarusi.

Na Idarusi ndiye muadhini wa msikiti ule, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi tititi. Alfajiri iliyofuata, spika ya msikiti ilipofunguka, watoto wa nyumba kadhaa waliingia uvunguni. Mama zao wakalalamika, kamati ikakaa, na mchana huu Mahakama, ambaye ni mjumbe wa kamati, alikuja benchini na ujumbe. Idarusi aliuona usoni mwake kabla hajaketi. Alikuwa ameshika gurudumu, akaendelea kulizungusha.

— Ndugu yangu, alisema Mahakama baada ya kikombe cha kwanza, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana kamati inataka jambo hili liishe leo hii.

— Jambo gani?

— Unalijua.

— Nataka kulisikia.

— Kamati yasema usimame mbele ya watu baada ya swala, uombe radhi kwa ile sauti. Ukishaomba, tutaona. Mpaka hapo, adhana itatoka kwenye simu. Kuanzia alasiri ya leo. Dishi kakabidhiwa ufunguo wa kabati la spika.

Dishi aliangalia ndani ya kikombe chake, akavutiwa sana na machicha ya kahawa.

— Msikiti una muadhini mzima, hana hata mafua, alisema Idarusi, na nyinyi mwaniletea simu.

— Ni ya muadhini mkubwa sana, alisema Dishi. Ina mwangwi.

— Huyo muadhini wako amewahi kusali hapa?

— Hajui hata kama Nguvumali ipo, alidakia Chenza.

Idarusi alikuwa na hasira, na chini ya hasira palikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyomuudhi zaidi. Baiskeli angeweza kuziacha. Binti zake wameolewa, tumbo lake dogo. Lakini kile kitendo cha kuamka mji umelala, kuvuta pumzi na kuwaita watu, hicho hakukijua namna ya kuishi bila yake.

— Mtu huomba radhi kwa kosa, alisema. Mimi sikukosa.

— Sauti ni kama sahihi, alisema Mahakama. Ukishaitoa umeshatia saini. Haya nimeyaona mahakamani. Mshitakiwa anasema sikuwepo, hakimu anamwambia, sauti yako ilikuwepo.

— Hakimu gani huyo?

— Marehemu.

— Kwetu Muheza, alisema Chenza huku akichagua chungwa, kulikuwa na mtu akaigiza Herode kanisani kwenye mchezo wa Krismasi. Tatizo aliigiza vizuri. Tangu siku ile akipita sokoni na mbuzi wake, kina mama wanafunika watoto wachanga. Akahamia Korogwe. Sasa Korogwe wanamwita Farao.

— Kwa nini Farao?

— Habari zilimtangulia, zikapotea njia. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapo?

— Ndiyo maana mimi nauza machungwa.

Yasini alijaza vikombe. Dishi, aliyekuwa akitafuta pa kuingilia ili ufunguo usahaulike, alisogea mbele.

— Nyinyi mwaongea sauti, sauti, kama ni mali ya mtu. Sauti ikishaingia kwenye kompyuta haina mwenyewe, wallahi. Ile mashine imekwisha kuijua. Sasa yaweza kusema yenyewe, yaweza kuagiza kahawa, yaweza kuoa kwa simu. Idarusi, alfajiri ya leo uliadhini wewe?

— Mimi.

— Una hakika?

— Nilikuwepo, Dishi.

— Hata yeye angejibu hivyo hivyo.

— Huyu ana hoja, alisema Mahakama.

— Hana, alisema Yasini. Wala nyote hamna. Hamkumsikia Inara? Alisema ni Tanga iliyoshika njia nyingine. Basi ipo. Iko hapa hapa, nyuma ya pazia tu. Na wao huko wana televisheni, na Idi pili waliwekewa katuni yetu sisi. Wametuona tumekaa hapa twaropoka tangu adhuhuri, hakuna kipimo wala mgao. Wanatulilia. Wanasema, masikini, maneno yote yale na hawana la kusema.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alikubali Mahakama, akavua koti lake kuukuu na kulikung'uta.

— Na huyo Bwana Kimya wa katuni yetu, huko wamempa sauti ya nani? aliuliza Chenza.

— Ya mtu mpole sana. Anatengeneza baiskeli.

Wakacheka wote. Idarusi alikijua kicheko kile, ameshakicheka mwenyewe kwa wengine. Kicheko cha namna hiyo hakifukuzi mtu, kinamsogeza tu kidogo kidogo, mpaka siku moja watu wanasema, palikuwa na jamaa hapa, alikuwa akiadhini. Aliliweka gurudumu chini.

— Chekeni, kisha mnisikilize. Nilimsomea yule muovu kwa sauti nzuri kwa kuwa Inara aliniambia, muovu mwenye sauti mbaya watu humcheka. Watoto wameogopa. Basi kazi imefanyika. Mtoto anayemwogopa mtu wa kumnyima maneno, huyo mimi sina la kumsahihisha. Waleteni hapa karakanani, wanione na mafuta haya mikononi, waniulize watakalo, nitawajibu mpaka wachoke wao. Lakini radhi siombi. Koo hili sikulipata Raskazone.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Mahakama.

— Basi nivunjikie hapa hapa. Sihami kwenda Korogwe.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke akisukuma baiskeli, baibui amelikusanya mkono mmoja, na mikeka iliyoviringishwa imefungwa nyuma. Alikuwa Mwatumu wa Tongoni, ambaye huleta mikeka yake mjini kwa pedeli na humaliza mipira kuliko vijana.

— Asalaam alaykum. Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mahakama. Waalaykumu salaam.

— Baba Idarusi, gurudumu la nyuma lanifedhehesha.

— Mwangalie vizuri huyo, alisema Dishi. Si Idarusi tena. Ndiye Bwana Kimya.

— Bwana nani? Kwetu umeme ulikatika tangu Idi pili asubuhi. Sikuona kitu mie.

Benchi lilichangamka. Tangu sikukuu hawakuwa wamepata mtu asiyeijua ile katuni. Walimsogezea debe akae, Yasini akampa kahawa, na Idarusi alipokuwa akiuvua mpira na kuutafuta mwiba wakamhadithia wote kwa pamoja, jua lililofifia, vipimo vya maneno, nguzo na spika zake.

— Na sisi wenyewe tumo, alisema Dishi. Benchi hili hili. Inara kalichora na matofali yake.

— Koti langu limechorwa mpaka kiraka, alisema Mahakama.

— Mimi namenya chungwa, alisema Chenza, na ganda halikatiki.

— Basi sauti yatoka juu ya nguzo, alisema Yasini. Baraza zote za mji zivunjwe, watu wawili wasikae pamoja. Laja lori. Wanalibeba benchi, wanalitupa humo juu ya mabenchi mengine.

— Machozi yalinitoka, alisema Dishi.

Mwatumu alikuwa akifuatisha kwa kichwa. Aliwatazama mmoja baada ya mmoja, bila ubaya wowote, alitaka tu hadithi isimkatikie njiani.

— Na nyinyi mlisema nini?

— Lini?

— Benchi lilipobebwa.

Dishi aliyarudia machicha ya kikombe chake. Yasini alilitikisa birika kana kwamba ameitwa nalo. Chenza alianza kumenya chungwa na ganda likamkatikia mkononi. Idarusi, aliyekuwa akisugua mpira kwa msasa, aliikumbuka picha ile ilivyokuwa. Watu wa benchi walisimama, kila mtu na kikombe chake, wakakung'uta nguo, wakaenda kila mmoja upande wake. Vipimo vyao Inara alivichora vifuani, vinawaka. Vilikuwa vimejaa maneno.

— Ile ilikuwa katuni, mwanangu, alisema Mahakama.

— Naelewa. Naulizia tu mlisema nini.

Idarusi alidhani angefurahi kuwaona wamekwama, hakufurahi. Aliwaonea huruma na aliwakasirikia, yote mawili, kwa sababu aliwapenda. Alipaka gundi, akabandika kiraka, akajaza upepo, akamshikilia Mwatumu baiskeli ili aweke mikeka yake sawa na kwenda zake. Kivuli cha msikiti kilikuwa kimevuka barabara na kugusa matofali ya benchi. Wakati wa alasiri ulikuwa umefika. Dishi alitoa simu mfuko mmoja na ufunguo mfuko mwingine, akabaki navyo mkononi.

Idarusi alivuka barabara. Alinawa mafuta, akatawadha pale bombani pa msikiti bila haraka, akajifuta kwa kanga iliyoning'inia. Mahakama alimfuata mpaka katikati ya njia.

— Idarusi, maneno ya kamati nimekufikishia.

— Umenifikishia. Na mimi nimekujibu mbele ya watu.

— Ufunguo anao Dishi.

— Akae nao.

Hakuliendea kabati. Alisimama kwenye baraza ya msikiti, uso kibla, akaweka vidole masikioni, akaita kwa koo tupu. Bila spika sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyoizoea, na ilikuwa na ukwaruzo wa uzee ambao mashine zilikuwa zikiuficha. Alijisikia uchi kidogo. Halafu alijisikia vizuri, kwa sababu pumzi ilikuwa yake na maneno hayakuwa ya kununuliwa na mtu. Bodaboda moja ilizima injini. Mbele ya nyumba za jirani milango ilifunguka, na kama kuna mtoto aliyekuwa uvunguni, sasa alimsikia mtu.

Alipofika mahali pa kuwaita watu waje kwenye swala aligeuza uso kuume, kama inavyofanywa, akaliona benchi. Mahakama alikuwa amelirudia na anavaa koti, anatafuta kiatu kwa mguu. Yasini alikuwa anafunika jiko. Alipogeuka kushoto alimwona Dishi bombani, mikono ya shati imekunjwa, simu haionekani. Aliporudi tena kuume, benchini alibaki Chenza peke yake. Chenza si Mwislamu na hakuwa na safari ya kwenda popote, lakini alikuwa amehamia katikati ya mataruma, miguu ameipanua, mikono ameikunja kifuani, anaitazama barabara upande wa mjini. Lori la kubebea benchi lingekuwa na kazi.

Idarusi aliimaliza adhana. Wakati wanavua viatu mlangoni Mahakama alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini:

— Kamati itakuita kesho.

— Waniite. Nitakwenda, na nitasema.

— Watu wa kamati ni wagumu.

— Wewe si mmoja wao? Wewe utasema nini?

Mahakama alisimama na kiatu mkononi. Idarusi alimwona akitafuta methali, akipekua moja baada ya nyingine, na kila moja haikumfaa.

— Nitasema hatutaki simu, alisema Mahakama.

Idarusi alimpisha apite mbele, akaingia nyuma yake.